Kilio si Kosa, Kosa ni Redio

Mama yangu mupenzi, na wewe dada yangu Faida mwenye kumusomea,

Barua hii imukute Mama amekaa, miguu ameinyoosha, na magoti yamemupa ruhusa hata ya siku moja. Mama, umeamuka namna gani? Ile dawa ya kupakaa ilikusaidia, ao uliigawa tena kwa bajirani bote benye kulalamika mugongo? Na ziwa, limerudi nyuma kidogo, ao lingali linasogea kwenye mulango wa kanisa? Mimi niko muzima. Kuchoka tu ndiko kunanisumbua, lakini huku Kanada kuchoka hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Hakuna daktari atakupa karatasi ya kuchoka.

Faida, soma polepole. Mama anasema unasoma kama askari anayesoma convocation ya kuita mutu polisi. Na usiruke mahali penye jina lako.

Mutajiuliza kwa nini karatasi, wakati sauti yangu ilikuwa inawafikia kwa simu kila juma. Ni kwa sababu karatasi haina mahali pa kubonyeza ikaenda kwa batu mia. Nimeipatia mama mumoja wa kwetu Baraka anayerudi kuona bajukuu bake, na nimemwambia aiweke mikononi mwako mwenyewe.

Kazi yangu ni ileile, kufua mashuka ya hospitali. Yanakuja machafu, yanaenda safi, kesho yake yanarudi machafu kama vile hatukufanya kitu. Saa ya mapumziko ninakaa juu ya gunia la mashuka na ninaandika. Benzangu banavuta sigara, mimi ninavuta hadithi. Kifua chetu bote kinauma.

Unajua mazoea yetu, Mama. Tangu nianze kuandika, sikio la kwanza ni lako. Nikimaliza hadithi ninaisoma kwa simu, ninakutumia sauti, na wewe unasema kama inatembea ao imelala. Ile ya mwisho ulisema inatembea. Ninamukumbusha Faida, maana wakati ule alikuwa Kazimia kununua ndagala: ni ile ya Ziwa linalochoka kumeza nyumba za Baraka, linafungua bureau, ofisi yake, huko chini ya maji. Mamba ndiye secrétaire, karani wake. Batu benye nyumba zao zilimezwa banapanga mustari na karatasi mikononi, na kila siku mamba anabaambia tampon moja, muhuri mumoja tu, inakosekana, barudi kesho.

Sasa sikiliza kilichotokea kisha hapo. Mwenzangu wa kazi, mutu wa Haiti anaitwa Gérard, alinionyesha tangazo kwa simu yake. Kuna tuzo ya hadithi za mambo yasiyokuwako, sayansi ya kesho na maajabu, kwa batu ba inchi zetu za Maziwa Makubwa. Mwenye kushinda anapewa tikiti ya ndege, aende kupokea zawadi yake Kigoma. Kigoma, Mama! Kutoka pale ni kupanda boti tu, na asubuhi niko kwako. Zawadi yenyewe sikuiuliza hata ni nini. Tangu niondoke nimekuona ndani ya simu tu, na mara nyingi ni paji la uso, kwa sababu unashika simu kama unashika sahani.

Basi nikasoma masharti. Ya kwanza: mutungaji awe amezaliwa ndani ya inchi hizo, ao muzazi wake mumoja. Hiyo nilipita bila jasho. Jasho ulitoa wewe, siku uliponizalia Fizi-Centre kule mulimani. Ya pili: hadithi isitungwe na mashine. Nikaapa. Mashine ya kwangu inajua kufua tu, na hata hiyo inakula vifungo. Ya tatu: ndani yake kuwe mambo ambayo hayako duniani. Hapo nikarudia kusoma. Mamba kuwa secrétaire, sawa, watakubali. Lakini mutu kupanga mustari tangu asubuhi na kuambiwa tampon inakosekana? Mutu wa kwetu gani ataita hiyo maajabu? Nilitumaini kwa jury, bale baamuzi, kuwe batu ambao hawajawahi kuomba karatasi.

Ya ine: hadithi isiwe imechapishwa, wala kupita kwa redio, wala kusambazwa kwa batu kwa njia yoyote. Nikacheka. Hadithi yangu ilisikiwa na mama yangu, basi.

Kesho yake Faida akanipigia.

«Kaka, uko wapi?»

«Kwa kazi.»

«Toka inje usikie.»

Akainua simu karibu na redio ya jirani. Nikasikia mutu anakohoa, kisha anasema: «Siku moja Ziwa liliamuka limeshiba…» Kukohoa kulikuwa kwangu. Nilikujua mara moja.

«Faida! Imefika kwa redio namna gani?»

«We acha tu. Mama alivaa kitenge cha sikukuu, akaenda yeye mwenyewe. Akabaambia: huyu ni mutoto wangu, yuko mbali, mumuache aseme.»

Ndipo akanieleza yote. Kwenye kilio cha Mujomba, yale matanga yake, siku ya pili, batu balianza kusinzia na nyimbo ziliisha. Ukatoa simu, bijana bakaiunga na baffle yao, kile kipaza sauti, na sauti yangu ikajaza parcelle nzima, kiwanja chote. Kwamba Shangazi alisimama katikati ya hadithi na kuuliza: «Na hiyo bureau, banaomba photo passeport ngapi?» Kwamba mutu mwingine alitaka kujua kama iko upande wa Baraka ao wa kusini, na mwenye boti wa Kazimia akamujibu: «Iko kwetu, mzee, lakini mukubwa hayuko, amesafiri.» Mama, jibu hilo ni zuri kupita yote niliyoandika mimi. Kwamba bajane balicheka mpaka bakaona haya, halafu bakacheka tena. Kutoka pale bijana bakaipitisha kwa simu zao, ikapanda mulima mpaka Fizi, ikashuka mpaka Kazimia. Na kwa sababu batu balikuwa banaiomba, ukaipeleka redio.

Sitakuficha: siku ile nilikasirika. Nilikunja mashuka kama ninakunja mutu. Gérard akaniuliza nina nini, nikamueleza.

Akasema: «Nani kwa jury anasikiliza redio ya kwenu? Badilisha kichwa cha hadithi, tuma, nyamaza.»

Nilifikiri mpaka mashine zilizima mbele yangu na chef, mukubwa wa kazi, akaniita kwa jina la mutu mwingine. Gérard hakusema vibaya. Lakini nikaona ile siku yenyewe: nimesimama Kigoma, nimevaa suti ya kuazima, ninaanza kusoma mbele ya bakubwa, na mwenye boti mumoja wa Kazimia, aliyeingia kwa ajili ya soda, anamalizia sentensi yangu kabla yangu. Na kama hakuna mwenye boti, niko mimi. Niingie nyumbani kwako na tikiti niliyoipata kwa kuficha sauti yangu mwenyewe, sauti ile uliyoivalia kitenge cha sikukuu? Sikuweza.

Nikabaandikia benye tuzo, nikaeleza yote, na mwisho nikauliza: je, kilio ni kusambaza? Mama mumoja wa tuzo akanijibu kwa heshima sana. Alisema swali hilo hawajawahi kulipata na balilijadili. Kilio ni jamaa, wameamua, hata kama batu ni mia tano. Hakihesabiwi. Lakini redio ni ya kila mutu, inahesabiwa. Pole sana, akasema, hadithi hiyo haiwezi kuingia. Ulete ingine mwaka ujao.

Kwa hiyo usishike shavu, Mama. Ninakuona umelishika. Jury yote ilikaa ikasema kilio si kosa, kosa ni redio. Na redio yenyewe sitaishitaki, maana Faida anasema walisoma jina langu mara mbili, na mara ya pili walilitamka vizuri. Mujomba alikuwa mutu wa kupenda kucheka. Kama batu balicheka kwenye kilio chake, basi hadithi hiyo ilikuwa na kazi yake, na imeimaliza.

Nimeanza ingine. Na hapa ndipo pagumu, kwa hiyo Faida, soma hapa bila kukimbia. Ingine hiyo, Mama, sitakusomea. Nilifikiri nikusomee na nikuombe usimusikilizishe mutu. Kisha nikakufikiria vizuri, nikakumbuka namna unavyotembea ukiwa na furaha. Hapana. Wewe ungejikaza siku tatu, na siku ya ine kungetokea kilio.

Utanipigia na ile «Papa» yako ya kumubembeleza mutoto, uniulize: «Papa, hakuna kitu?» Nitakujibu hakuna. Usiniamini, lakini usiniulize mara ya pili, kwa maana nitashindwa. Ninaandika sasa kama mutu anayepika bila kuonja. Sentensi inapita mbele yangu na sijui kama inatembea ao imelala. Mara nyingine, juu ya lile gunia, ninaisoma kwa sauti ndogo, ninangoja useme «mmh» ile yako, halafu kengele ya kazi inalia.

Kama watanikubali, nitashuka kwenye boti na utaisikia ukiniona mudomo. Siku hiyo redio waje, hata na microphone tatu. Kama watakataa, nitakutumia kwa simu jioni ileile, na uipeleke kwenye kilio chochote unachotaka.

Unisalimie Shangazi, umwambie photo hazihitajiki. Unisalimie muchungaji wetu, ambaye ninaambiwa alicheka akiwa ameinamisha kichwa kama anaomba. Unisalimie jirani mwenye redio, shemeji yangu bwana wa Faida pamoja na nyavu zake, na batoto bote ba kaka yangu mudogo, hata yule anayejificha nikipiga simu. Kwa mujane wa Mujomba, umushike mukono kwa niaba yangu, usimwambie kitu.

Mimi mutoto wako wa kwanza, niliyenyamaza kwa sababu ninataka kufika,

Wilondja