Nilichoshindwa Kumfundisha Achieng

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya mpira wa magongo tena, uwanja wa shule karibu na Jogoo Road. Wasichana kumi na watatu wa klabu. Nimewaonyesha namna ya kumzunguka beki na kupiga bila kusimamisha mpira. Mara tatu, na goti langu bovu. Wakapiga makofi. Walipojaribu, hakuna aliyeweza. Achieng, nahodha, akaniuliza, "Kocha, unajuaje ni saa ya kupiga?"
Nikamwambia, "Unaona tu."
Akarudi kwenye mstari, akakosa tena.

Jumatano, 5 Machi
Wambui, msaidizi wangu, anajua kueleza. Tulikuwa naye timu ya taifa. Mimi nilifunga mabao, yeye alikaa benchi miaka yote akitazama. Leo amepanga viatu vikuukuu chini badala ya mabeki, akawatembeza wasichana hatua kwa hatua. Achieng ameelewa.
Nimeona wivu. Nikamwambia Wambui aondoe viatu vyake, tunapoteza wakati. Ameviokota kimoja kimoja.

Jumamosi, 8 Machi
Tumefungwa sita bila. Mwishoni Achieng alikosa bao, kipa akiwa tayari ameanguka. Mechi ilipoisha nilimnyang'anya gongo mbele ya watu wote, mamake akiwa hapo pembeni. Nikasema, "Mimi hilo ningefunga nikiwa nimefumba macho."
Achieng akavua jezi, akabaki na fulana. Akaikunja ile jezi vizuri. Akaiweka miguuni pangu, akaondoka.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Sikula.

Jumanne, 11 Machi
Achieng hakuja mazoezini. Wenzake wanne pia. Nikatembea hadi kwao Makadara. Mamake akanikaribisha, akanimiminia chai. Hakupandisha sauti. "Kocha, alikuwa na picha yako ukutani tangu akiwa darasa la sita. Ameitoa mwenyewe."
Achieng alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akikohoa. Nikaomba msamaha nikiongea na pazia la mlango wake. Pazia halikusogea.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempelekea katibu wa klabu barua ya kuacha kazi. Ameniomba nibaki, ati jina langu ndilo linavuta wafadhili. Nilipewa hawa wasichana kwa sababu ya jina. Hakuna aliyeuliza kama naweza kufundisha, na mimi sikujiuliza. Nimemwambia timu ampe Wambui.
Nilijua kitu kimoja tu maishani. Siwezi kumpa mtu. Nikifa nitazikwa nacho.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeshinda nyumbani, Shauri Moyo. Wambui amepiga simu mchana. Achieng amerudi mazoezini, na wale wanne. Hakusema kama wameniulizia. Sikumuuliza.
Nilifurahi. Haikudumu.
Nimefua shuka na kuzianika. Mvua imeanza. Nazitazama zikilowa kutoka dirishani, sijainuka.