Baba kwa Lugha Mbili

Migori,
12 Januari 2025

Tata mpendwa,

Hamjambo huko Homa Bay? Mguu wa Mama unaendeleaje? Mimi ni mzima kabisa, ila usingizi umenikimbia kwa furaha. Weka chini hiyo mikungu ya ndizi, ukae, usome polepole.

Nimepita! Karatasi zote za mtihani wa uhasibu zilizobaki, hata ile ya kodi iliyoniangusha mwaka jana. Matokeo yaliingia nikiwa ofisini nikapiga kelele mpaka Stanley, mwenzangu, akamwaga chai juu ya risiti za mteja. Bi. Kezia Mirumbe, mwenye ofisi, alitoka chumbani kwake kuuliza ni nani amefariki. Alipoona simu yangu alinikumbatia, yeye ambaye hata mkono huutoa kwa shida.

Sasa kimebaki kitu kimoja tu. Chama cha wahasibu hakinipi uanachama mpaka Bi. Kezia atie sahihi kwamba nimefanya ukaguzi wa hesabu chini yake na kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Anasema atatia sahihi mwisho wa mwezi wa tatu. Hapo nitakuwa mhasibu kamili, niitwe CPA Dolphine Nyamoita, Tata, na siku moja nitafungua ofisi yangu mwenyewe.

Cephas anayetuletea samaki na barua zako (kwa kuwa wewe na simu hamuelewani) amenicheka tena. Aliona bahasha yako imeandikwa "Kwa Baba" akadhani ni ya mtu mwingine. Ikabidi nimweleze kwamba kwa Kikisii "baba" ni mama, na mzazi wa kiume ni "tata", na kwamba unaniita Baba kwa sababu nina jina la mama yako. Akasema, "Wakisii nyinyi, wacha tu."

Binti yako,
Dolphine


Homa Bay,
19 Januari 2025

Baba yangu,

Mwanao nakusalimu sana. Huku tu wazima, mguu wa Mama Eucabeth umepona siku hiyo hiyo barua ilipofika, maana alicheza nao.

Baba, umetuua! Sabato nilisimama kanisani kutoa shukrani, mchungaji akanivuta koti nikae, sikukaa. Sokoni nimewaambia wote. Yule mama anayeuza samaki wa omena ameniuliza CPA ni ugonjwa gani, nikamwambia ni ugonjwa wa watu wenye akili.

Sasa sikia habari yangu. Unajua Sacco yetu ya wachuuzi ilinichagua kwenye kamati. Juzi mwenyekiti wetu, Ombati, ametangaza nani watakuja kutukagua mwaka huu. Ni ofisi ya Bi. Kezia! Niliruka. Nimewaambia jitayarisheni, Baba anakuja na kalamu yake. Nimepaka rangi kile kiti cha mikono cha marehemu nyanya yako, nimekipeleka ofisini, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia mpaka ufike. Nataka tu kukuona ukiingia pale mlangoni. Baada ya hapo Mungu akitaka kunichukua, anichukue.

Mwanao,
Ondieki


Migori,
2 Februari 2025

Tata mpendwa,

Natumai hamjambo, na koti lako limepona baada ya mchungaji. Hapa kazi ni nyingi lakini naipenda.

Nilisoma habari ya kiti nikacheka, kisha nikalia kidogo. Siwezi kuja, Tata. Mkaguzi hakagui chama ambacho ndugu yake yuko kwenye kamati yake. Ndiyo sheria ya kazi hii, na niliapa moyoni kuifuata kabla sijaanza. Nimeshamwandikia Bi. Kezia kwamba baba yangu mzazi ni mjumbe, naye ameniondoa kwenye kazi hiyo. Atakuja Stanley. Ni kijana mzuri, ametoka Machakos, mpe ndizi mbivu.

Najua umeshawatangazia watu. Usininunie.

Binti yako,
Dolphine


Homa Bay,
23 Februari 2025

Baba,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nilinuna siku mbili, nikachoka.

Stanley amekuja na kwenda. Kijana safi, anakula vizuri. Alitaka kukaa kwenye kiti chako nikampa benchi. Mbele ya kamati yote akaniuliza, "Mzee, wewe ndiye baba wa Dolphine?" Nikamjibu, "La hasha. Yeye ndiye baba!" Watu walivunjika mbavu, Ombati akashika meza asianguke. Stanley hakucheka. Aliandika tu.

Sasa kwa kuwa nimeshakana mimi si baba yako, si Bi. Kezia anaweza kukuruhusu uje hata kutusomea ripoti? Kiti kipo.

Mwanao,
Ondieki


Migori,
27 Februari 2025

Tata,

Salamu kwenu nyote. Afya ninayo, roho ndiyo haijatulia.

Tata, umefanya nini! Stanley ameandika kwenye faili hivi: "Mjumbe Ondieki amekana mbele ya kamati kuwa baba wa Dolphine. Anadai Dolphine ndiye baba." Bi. Kezia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akairudisha machoni, akasema faili haijui kucheka. Mimi nimeandika neno moja na wewe umesema lingine, na mtu wa nje akisoma ataona mmoja wetu ni mwongo. Hatatia sahihi karatasi yangu ya uanachama mpaka uandike kwa mkono wako kwamba wewe ni baba yangu mzazi. Kwa Kiswahili, bila mzaha, kabla ya mwezi wa tatu kwisha. La sivyo nitasubiri mwaka mwingine mzima.

Ni mstari mmoja tu. Niandikie, mpe Cephas.

Dolphine


Migori,
16 Machi 2025

Tata,

Hamjambo? Cephas amerudi mikono mitupu mara mbili. Anasema ulisoma barua yangu, ukaikunja, ukaingia ndani, na hukutoka mpaka alipoondoka.

Kama ni kiti, nitakuja kukikalia siku yoyote. Kama ni hasira, nigombeze. Lakini usininyamazie. Nimesomea kazi hii nikiuza ndizi pamoja nanyi, nikisoma chini ya turubai mvua ikinyesha. Nimebakiza hatua ya mwisho na ni wewe uliyeishikilia.

Dolphine


Homa Bay,
23 Machi 2025

Baba yangu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu. Mama yako ni mzima, ila haongei nami vizuri tangu nikawie kukujibu.

Sikukasirika. Nilikaa kuandika mstari ule na kalamu ikanigomea. Mama yangu alifariki ukiwa bado tumboni. Siku uliyozaliwa nilikupokea mikononi nikasema, "Baba, umerudi." Tangu hapo sijakuita binti hata siku moja, wewe mwenyewe ni shahidi. Sasa niandike kwa wino kwamba mimi ndiye baba na wewe ni mtoto wangu, ikawekwa ofisini milele? Niliona kama namzika mama mara ya pili, tena kwa mkono wangu.

Kila nilichoandika nilikichana. Jana Mama Eucabeth aliokota kipande kimoja nilichotupa, akakisoma kwa sauti. Kiliishia na neno "Baba" mahali pa sahihi. Akaniuliza, "Sasa shida iko wapi? Bi. Kezia atakuona wewe. Sisi tutamwona nyanya ya Dolphine."

Nilikichukua kile kipande nikakisoma tena. Ni kweli, Baba. Ni neno lile lile. Nimeandika, na hii hapa, mpelekee:

"Bi. Kezia, mimi Ondieki ni baba mzazi wa Dolphine Nyamoita. Nilichomwambia Stanley ni kweli kwa lugha yetu, lakini si kwa faili yako. Mtoto wangu hajasema uongo. Naomba radhi kwa kucheza na kazi yake. Ni mimi,

Baba."


Migori,
13 Aprili 2025

Mwanangu Ondieki,

Hujambo, mwanangu? Unakula? Umelala vizuri? Mwambie Eucabeth mkwe wangu kwamba nampenda kuliko ndizi zote za Kisii.

Bi. Kezia alisoma mstari wako akiwa amesimama. Akavuta karatasi yangu akatia sahihi hapo hapo, kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Stanley ameomba nimfundishe Kikisii kabla hajatumwa kwenu tena. Na jana, mwanangu, jibu limekuja kutoka Nairobi. Nimekubaliwa! Nina namba yangu ya uanachama na nimeiandika hata kwenye kiganja cha mkono.

Ripoti ya Sacco yenu imeshafungwa na atakuja kuisoma Stanley, sheria haijabadilika. Lakini Ijumaa mimi naja nyumbani kabla jua halijazama. Toa kile kiti ofisini ukirudishe sebuleni kwetu, mahali mama yako alipokuwa anakiweka. Chana nywele, vaa lile koti, usimame hapo ndani uangalie mlango.

Nitaingia.

Baba yako,
CPA Dolphine Nyamoita