Namba Aliyoichagua Ndaki

Ushirombo, Bukombe
16 Novemba 2024

Mpendwa kaka Theonest,

Shikamoo kaka. Mnaendeleaje huko Masasi, wewe na wifi Generosa? Loveness kile kifua kimepona? Sisi huku tunaamka, zaidi ya hapo sina la kujisifia. Mama miguu inamuuma ila kanisani anafika. Mvua imetutupa, mahindi yaliota nusu yakanyauka.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nyumba yetu unaijua, ukiongea na simu chumba cha pili wanasikia, na ninalotaka kusema linamhusu Ndaki. Juliana wa Mama Vumilia anarudi chuoni Mtwara, nimemwomba akufikishie.

Mama alikuambia mdogo wetu alilazwa kwa malaria. Haikuwa malaria, kaka. Ndaki alitaka kujiua. Tulimuwahi, akafika hospitali hajitambui, Mungu akamrudisha. Kama unasoma umesimama, kaa kwanza.

Ilianzia Geita, duara, lile shimo la dhahabu walilokuwa wanachimba, lilipoporomoka wakati wa masika. Yeye alitolewa kwenye kifusi akiwa hai. Boaz, mwenzake wa kushuka naye, alitolewa amekwisha. Ndaki anasema alimsikia akiita, kisha akaacha kumsikia. Tangu arudi nyumbani halali, chakula anakigusa tu. Majirani wanasema karogwa. Padri amekuja kumwombea, naye akainamisha kichwa mpaka sala ikaisha, basi.

Hospitali yupo mshauri anaitwa Suzana. Alimwekea Ndaki programu kwenye simu yake ya kupangusa. Kila asubuhi inamuuliza moyo wake ukoje, naye anagusa uso unaocheka au unaolia. Ina kitufe chekundu pia. Mawazo ya kufa yakimzidi akikibonyeza, inampigia mtu aliyemchagua mwenyewe. Suzana alituambia wazi kwamba simu peke yake haimponyi mtu, kliniki lazima aende, asiachwe peke yake, na vitu vya hatari tuviondoe nyumbani. Tumeviondoa.

Siku ya kuiweka Suzana alimwambia, "Weka namba ya mtu unayemwamini." Ndaki akaandika ya Boaz.

Nikamwambia, "Ndaki, Boaz hayupo."

"Najua."

"Sasa nani atapokea?"

Akaitazama ile namba. Suzana hakumharakisha. Mwisho Ndaki akaifuta, akaweka yako.

Mimi ndiye ninayempikia uji, kaka, na yangu hakuiweka. Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wewe nikikwambia utalia. Theonest atanifokea tu."

Mwanzoni alikuwa anaijibu ile programu. Hata alicheka, akasema, "Kitu chenyewe hata kuamkia mwangaluka hakijui," maana kinaongea Kiswahili cha redioni. Nikadhani tumevuka. Sasa anagusa uso unaocheka bila kuutazama, kama mtu anayefukuza inzi. Mtandao ukikata, hajali.

Jumapili iliyopita tulipotoka misa nilimkuta nyuma ya zizi, simu sikioni. Alikuwa amebonyeza kile kitufe. Niliisikia inaita, inaita, ikakata. Akajaribu tena. Kisha akaitia mfukoni, akasema, "Labda yuko kazini."

Nilimuuliza pale pale kama anawaza kufa. Akasema, "Kila siku, Scola." Alisema taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kesho yake nikamrudisha kliniki, wakambadilishia dawa. Suzana anajitahidi, lakini wanaomngoja pale kwenye benchi ni wengi, na sura zao ni kama ya Ndaki.

Sikulaumu. Najua huko ghalani kazini kwako simu mnaziacha nje, na laini yake ni mpya, usingeijua. Najua pia hamjasemeshana tangu msiba wa baba. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Tafadhali mpigie wewe. Yale ya msibani usiyaguse. Muulize habari za ng'ombe, muulize chochote. Na akikupigia pokea, hata kama ni kumfokea, maana hicho ndicho anachokitaka kwako.

Sijui kama itatosha. Mimi nashinda naye, namfuata hadi kisimani, na akichelewa kidogo kutoka chooni natoka nje kumwita. Nimechoka, kaka, na kusema kweli sioni mwisho wake. Mama bado anaamini Krismasi utakuja na mambo yatanyooka. Sijamwambia vingine.

Mama anakusalimu, na shangazi Violeth, ambaye hajaambiwa kitu. Wasalimie wifi na Loveness. Ndaki hakutuma salamu kwa sababu hajui kama nakuandikia.

Mungu awafunike huko mliko, na huyu mmoja atuachie.

Mdogo wako akupendaye,
Scolastika