Kibali Kilichokwenda na Koti

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi kazini miguu imevimba. Mashuka ya hospitali hayaishi. Ukimaliza ya wodi moja, yanateremka ya nyingine. Nimekula kiporo cha wali, nimeswali, nimeanza tena kutafuta kibali cha bunduki. Maboksi ya jikoni nimeyafungua yote. Ya chumbani pia. Hakuna.

Sheria ya hapa Uingereza haina mchezo. Ukihama, uwaambie polisi, na kibali kiandikwe anwani mpya. Mimi nimehama Northfield mwezi uliopita, mara tu nilipotoka eda. Mwenye nyumba alitaka kuuza. Alinisubiri kwa adabu, lakini kusubiri ni kusubiri, unakuona usoni mwake. Sasa niko Newtown, humu humu Birmingham, ghorofa ya sita, lifti inanuka.

Bunduki yenyewe haipo hapa. Iko kwa Jaswant, Kalasinga wa Nairobi, dereva mwenzake na marehemu mume wangu. Aliichukua siku za msiba, nyumba ilipojaa wageni na watoto wao. Ana kibali chake na kabati lake la chuma, na polisi wanajua. Ila bila kibali changu hawezi kunirudishia.

Nimechoka. Kesho.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepiga simu polisi. Wakaniwekea muziki mpaka chai ikapoa. Binti aliyepokea ana sauti ya kitoto. Nikamwambia nimehama na kibali kimepotea. Akauliza kimepotelea wapi. Ningejua wapi, kingekuwa kimepotea? Sikumjibu hivyo. Nilitamani.

Atakuja afisa kuangalia kabati la kufungia bunduki na kuzungumza na mimi. Wanataka pia neno la daktari, kwa kuwa nimefiwa. Kumbe huku kufiwa ni maradhi.

Watu wetu wananicheka na bunduki yangu. Mwanamke wa Tanga, mtandio kichwani, vizuia sauti juu ya mtandio, anapiga visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine. Wifi yangu Mwanaidi ananiita Bi Sahani. Acha wacheke. Mume wangu Shaibu ndiye aliyeanza. Alikuwa akipeleka chakula cha mifugo mashambani, mkulima mmoja akamwonyesha mchezo, ukamwingia. Mimi nilifuata kwa kuchoka kukaa peke yangu Jumapili. Wenzangu pale wakitaka kisahani kirushwe hupiga kelele "pull". Mimi husema "haya!" Mrushaji alizoea.

Nikampita Shaibu kwa shabaha. Hakununa. Aliona tu kwamba mikono yangu ni mifupi, bunduki inanigonga shavu. Akachukua msumeno akakata kitako, akakipiga msasa, akakipaka mafuta, mpaka kikanikaa begani sawasawa. Kuanzia siku ile aliyekuwa akiumia shavu ni yeye, maana bunduki ni moja na tunapokezana. Nilimwambia anunue yake. Akasema hii inamtosha.

Ndiyo maana naitaka. Nikikosa kibali itauzwa au itavunjwavunjwa. Na nani atanunua bunduki iliyokatwa kwa kipimo changu mimi, Mama Salma?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekumbuka nikisugua sufuria. Koti.

Nguo zangu hazina mifuko. Siku zote tukienda uwanjani, vyangu vyote vilikaa kwenye koti la kijani la Shaibu: funguo, tasbihi, peremende, kibali. Jumapili ile ya mwisho alikitia mfuko wa ndani na kuufunga zipu. Chake mwenyewe kilikuwa kwenye droo, Jaswant alikirudisha polisi wakati wa matanga. Changu kilibaki kwenye koti.

Na koti halipo. Nilipotoka eda alikuja Mwanaidi kutoa nguo za kaka yake sadaka, kama desturi. Shati, kanzu, viatu, koti. Mimi nilijifungia chumbani nisione. Nikasikia mifuko ya plastiki inavyolia.

Nikampigia. Uliwapa nani? Alimpa mtu mmoja msikitini awagawie wageni waliofika hawana kitu. Ulipekua mifuko? Akanijibu, "Sadaka haipekuliwi, wifi yangu. Na nguo za maiti hazirundikwi ndani." Kwa sauti ile ya kunifundisha dini. Nikakata simu.

Nina hasira naye. Nina hasira na mimi pia niliyejifungia. Kuna mtu humu Birmingham anatembea na koti la mume wangu mwilini na jina langu mfukoni, na hana habari.

Jumapili, 12 Oktoba

Mwanaidi hajapiga. Na mimi sipigi.

Baridi imeanza. Angalau koti linamfaa mtu.

Jumanne, 14 Oktoba

Kwa daktari. Binti mdogo, mpole, kiti chake kinazunguka. Binti yangu Salma hakuweza kuja, yuko kazini, kwa hiyo nilikwenda na Kiingereza changu. Kinatosha kufulia mashuka. Akauliza nakula? Nakula. Nalala? Nikamwambia kweli, silali vizuri, mume wangu ananijia. Karibu kila usiku. Anakaa pembeni mwa kitanda, ananiambia nifunge dirisha.

Daktari akaacha kuzunguka. Akauliza anasema nini kingine. Nikaona, looo, leo nimepata msikilizaji. Nikamweleza yote. Akaandika sana. Nikatoka moyo mwepesi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Polisi wamepiga. Yule yule wa sauti ya kitoto, safari hii anapima maneno. Anasema suala langu limepelekwa kwa mkubwa, kuna jambo kwenye maelezo ya daktari. Nikampa simu Salma, alikuwa amekuja kuniletea maziwa.

Salma anasikiliza, ananitazama, anasikiliza. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, did you tell the doctor Baba visits you?"

Nikamwambia ndiyo, si ananijia?

Akashika kichwa. Kwetu mtu akisema marehemu ananijia, hata mtoto anajua ni usingizini. Utaambiwa toa sadaka, soma Yasini, basi. Lakini mimi nilisahau kumtafsiria usingizi. Daktari amebaki na mwanamke wa ghorofa ya sita anayezungumza na maiti na anataka kurudishiwa bunduki.

Nimecheka mpaka machozi. Kisha yakabaki machozi.

Salma anasema atakuwepo afisa akija. Nisiseme kitu, ataongea yeye.

Jumapili, 2 Novemba

Jaswant amekuja kulifunga kabati la chuma ukutani. Halmashauri, wenye jengo hili, imeruhusu kutoboa. Alilitikisa kwa mikono yote miwili, halitikisiki. Akanywa chai vikombe viwili.

"Mama Salma, wewe lete karatasi tu. Bunduki iko salama kwangu. Mimi napaka mafuta, mimi nafunga. Hakuna mtu anagusa."

Hajaniuliza lolote tangu siku aliyoichukua. Kuna watu wanaojua kutouliza. Kabati tupu linanitazama tangu alipoondoka. Nalitaka lijae. Naomba Mungu afisa awe mtu mwema.

Alhamisi, 6 Novemba

Sitaki kuyaandika ya leo. Nitaandika tu.

Afisa amekuja mchana. Mtu mzima, tumbo mbele, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akatikisa kabati, akaridhika. Akaniuliza kibali kilivyopotea, Salma akamweleza habari ya koti na sadaka. Akaandika kwamba aliyekipata hana ubaya nacho, na kibali kile kitabatilishwa. Mpaka hapo heri.

Akafika kwenye ndoto. Salma akaeleza vizuri, kama mwalimu. Akaniuliza mwenyewe, je, humwoni ukiwa macho? Nikamjibu kwa Kiswahili, Salma akatafsiri: ningekuwa namwona, ningelia nini? Yule mtu akatabasamu, akafuta kitu kwenye karatasi yake. Nikajua nimepona. Bunduki inarudi nyumbani.

Kisha akauliza, sauti ile ile ya kuulizia kabati. Tangu mume wako afariki, umewahi kutaka kufa?

Salma akajibu kabla hata sijameza mate. "No. Of course not."

Afisa akasema anamuuliza mama.

Niandike nilichofikiri. Nilifikiria watu wote waliopanda ngazi zangu kule Northfield siku za matanga. Walileta mchele, walileta majani ya chai, walisoma, walinishika mkono. Habari za wewe? Nzuri. Subira, dada. Ndiyo, subira. Sisi ndivyo tulivyo, hata jeneza likiwa sebuleni habari ni nzuri kwanza. Sikuwalaumu, na mimi nimeshawauliza wengine hivyo hivyo. Lakini swali hili hakuna aliyeniuliza. Na lingeulizwa na mtu wetu, mdomo wangu ungejibu nzuri; hili limeulizwa na mgeni asiyejua kusalimia.

Nikasema ndiyo.

Salma hakutafsiri. Haikuhitajika, kichwa changu kilikuwa kimeshaitikia. Nikaendelea kwa Kiingereza changu cha mashuka. Siku ile ile alipozikwa nilitaka kumfuata. Nikajiogopa. Nikamwita Jaswant nikamwambia aichukue bunduki, watoto wa wageni ni watundu. Hakukuwa na mtoto mtundu. Watoto walikuwa wamelala. Mtundu nilikuwa mimi.

Afisa aliweka kalamu chini. Akaniuliza, na sasa? Nikamwambia sasa nataka kuishi na nataka bunduki yangu. Yote mawili kweli.

Akanishukuru kwa kumwambia. Akasema hawezi kunipa kibali leo, na hatanidanganya kwamba ni karibu. Bunduki ibaki ilipo. Nirudi kwa daktari, nimweleze hili, na safari hii niende na mtu. Baada ya muda mrefu naweza kuomba upya, na kwamba niliiondoa mwenyewe litaandikwa pia. Alivaa viatu vyake polepole, amegeukia mlango, nadhani hakutaka tumwone uso.

Salma yuko jikoni. Anafungulia maji ili nisimsikie.

Ijumaa, 7 Novemba

Ningesema hapana, ningekuwa nayo.

Neno moja. Watu wanadanganya polisi kila siku kwa mambo madogo kuliko hilo.

Nimekwenda kazini. Nimekunja mashuka. Naikosa bunduki mkononi, naukosa uzito wake, nalikosa lile pengo la kitako alipokata yeye. Kile ndicho kitu pekee alichonitengenezea kwa mikono yake, nami nimekitoa kwa mdomo wangu.

Namlaumu Mungu kidogo. Astaghfirullah. Lakini namlaumu.

Jumapili, 9 Novemba

Amekuja Mwanaidi. Salma amemwambia. Sikutaka aambiwe.

Nilimtarajia na hotuba: kujiua haramu, subira, mitihani ya Mola. Nikajiandaa kumjibu. Aliingia na bakuli la kaimati, akaliweka mezani, akakaa kwenye mkeka miguu imenyooshwa, mtu mzima na magoti yake yale. Akasema, "Nilikuja kila siku, wifi. Kila siku. Nikawa nakuangalia umekula au hujala."

Nikamwambia nilikula.

"Nilijua ulikula. Nilihesabu vijiko." Akaanza kulia. Yeye kafiwa na kaka, na sidhani kama na mimi nilimuuliza hata siku moja.

Tukala kaimati. Zilikuwa za sukari mno. Nikamwambia. Akasema siku zote napenda kukosoa.

Habari ya koti hatukuigusa. Yule mtu alivae.

Alhamisi, 13 Novemba

Daktari tena, Salma pembeni. Nimesema yote, usingizi umetafsiriwa, na lile jingine pia. Daktari hakushtuka. Kuna mama fulani wa kuzungumza naye kila wiki, Edgbaston, karibu na kazini kwangu. Nimekubali. Sijui nitamwambia nini.

Jaswant amenipigia. Nikamwambia bunduki itakaa kwake sana. Akasema, "Itakaa. Mimi sina haraka, bunduki pia hana haraka." Baada ya hapo akaniuliza kama nimepika chapati, maana zake zimeungua.

Jumatano, 19 Novemba

Salma amehamia sebuleni. Anasema ni kwa muda, kwa kuwa kwake kuna ukarabati. Hakuna ukarabati. Kochi ni fupi, miguu yake inaning'inia, na asubuhi shingo inamuuma, lakini hasemi.

Tumejizoesha jambo. Kila asubuhi, kabla hajatoka, anasimama mlangoni mwa jikoni na koti lake na mkoba begani. Ananiuliza, "Mama, leo vipi?"

Mtu akisikia atadhani ni salamu. Tumekubaliana kwamba si salamu, ni lile swali la afisa, na kwamba sitajibu nzuri. Juzi nilimwambia kidogo, asubuhi, kisha ikapita. Hakwenda kazini. Tulikaa tukamenya viazi, vingi kuliko tutakavyokula.

Leo mvua nyepesi, dirisha limefanya ukungu. Amekuja, amesimama, ameuliza.

Nimejichunguza kwanza. Nisimdanganye.

"Leo hapana."

Ameitikia kwa kichwa, amekwenda kuwahi basi. Nimeosha vikombe viwili.