Mayai ya Kadzo na Kikatajoto Changu

Jumanne, 9 Septemba
Nimebadilisha swichi za hita katika hoteli moja Kikambala, nikarudi Muyeye moja kwa moja kutazama sanduku langu la kuangulia vifaranga. Balbu inawaka, inazima, inawaka. Mayai ya Kadzo wa Kakuyuni yamo ndani tangu jana, yaatamiwe kwa umeme. Kikatajoto nimekibuni mwenyewe. Joto likipungua, kinawasha. Likizidi mno, kinakata kabisa, hakiwashi tena mpaka nibonyeze kitufe. Nimeona hita ngapi zilizoungua nyaya kwa kujiwasha zenyewe! Changu hakina ujinga huo. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu?

Alhamisi, 11 Septemba
Kadzo amepiga simu akilia. Ugonjwa wa kideri umefagia kuku wake wote. Wale wa shingo tupu, mbegu aliyoachiwa na marehemu mamake. Kilichobaki duniani ni haya mayai yaliyo kwangu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kisha wasiwasi ukanishika mimi.

Ijumaa, 12 Septemba
Asubuhi nimekuta sanduku limezima. Mayai baridi. Nimebonyeza kitufe, likawaka kama kawaida. Kwa hiyo joto lilizidi? Lizidi vipi, na balbu yenyewe ndogo? Sielewi.

Jumapili, 14 Septemba
Nimebadilisha waya wa kupima joto. Balbu pia. Nimekaza kila skrubu. Hakuna kibovu, na hilo ndilo linaloniudhi. Mama asema nile kwanza. Sina hamu.

Jumatano, 17 Septemba
Halijazima tena. Nimemulika mayai kwa tochi. Baadhi yana mishipa, baadhi hayana kitu. Kadzo sikumwambia.

Ijumaa, 19 Septemba
Limezima tena! Baridi tena. Umeme haukukatika, feni ya chumbani ilikuwa ikizunguka. Huenda sijui kazi. Huenda miaka yote hii nimebahatisha tu. Nilipofunua sanduku lilinuka ubani, lakini nyumba yetu yote hunuka ubani kila Ijumaa, sikujali. Sasa naandika hapa, na nimeanza kujali.

Jumamosi, 20 Septemba
Nimemuuliza mama. Hakuficha. Kila Alhamisi magharibi, mimi nikiwa msikitini, hufukiza vyumba kisha humalizia na sanduku. Huweka chetezo chini yake, penye matundu ya hewa, moshi upande ndani.

"Mtaa mzima waja kulitazama, mwanangu. Ulitaka nikuachie jicho la watu likutafune?"

Waya wangu wa kupima joto uko papo hapo penye matundu. Makaa yakikaribia, kikatajoto kinadhani kuna moto, kinakata. Na hakiwashi tena, kwa kuwa ndivyo nilivyokiunda. Nilitaka kumfokea mama. Yeye alikuwa akiyalinda mayai. Mimi nilikuwa nikiyalinda. Mengi yamekufa katikati yetu. Nimeuhamishia waya juu. Nimwambie Kadzo nini? Kosa la mama? Langu? Nikijibu hivi najipinga, nikijibu vile najipinga.

Alhamisi, 25 Septemba
Mama kafukiza vyumba vyote, sanduku kaliruka. Amenuna. Nami nimenuna. Nyumba ndogo hii, hatuna hata pa kununia.

Jumanne, 30 Septemba
Wametoka watatu. Mayai mengine kimya.

Kadzo amefika, akamwamkia mama shikamoo, akainama kuchungulia. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Ni mimi niliyeyaua, Kadzo. Si yeye." Sikutarajia. Nilitaka kusema na mimi nimo, lakini Kadzo alishaingiza mkono sandukuni.

Aliwashika vifaranga mmoja mmoja, akawapapasa shingo. Nilimuuliza kama kuna jogoo wa kuendeleza mbegu. Akasema wakiwa wadogo hivi hata yeye hajui.

Kwake hawawezi kwenda, kideri bado kipo. Nilidhani atawapeleka kwa nduguye. Akakunjua kanga mapajani mwa mama aliyeketi, akawaweka humo awalee, akaenda zake. Mama hajainuka mpaka sasa.