Babu Hakuwa Lori

Hopkins, Minnesota
19 Novemba 2006

Mpendwa Kaka Eliakim,

Shikamoo. Habari za hapo Usangi? Shemeji Irene goti lake limepoa, au bado anapanda kilima kwa kusimama simama? Sisi huku tu wazima, isipokuwa baridi imeshaanza kazi yake na gari langu asubuhi linakohoa kuliko mimi. Alice mke wangu anakusalimu. Watoto nao wanakusalimu, kwa Kiingereza.

Baada ya salamu, naomba kwa heshima na taadhima kuutangazia ukoo mzima wa Mfinanga, walio karibu na walio mbali, walio hai na watakaozaliwa, kwamba Babu Kiondo hakuwa lori.

Tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili kabla hujakasirika.

Ile L 4417263 ambayo tumeishikilia miaka kumi na miwili tukisema ndiyo namba ya jeshi ya Babu, ile uliyoniimbia kwenye simu mpaka watoto wangu wanaijua kuliko namba ya nyumba yetu, si yake. Ni ya gari aliloliegemea siku aliyopigwa picha.

Nimeyajuaje? Unakumbuka nafanya kazi kwenye mnada wa magari, kule Burnsville. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja wa Champlin, anaitwa Lindquist, kutafuta matairi. Kazi yake tangu astaafu ni kufufua magari ya jeshi ya zamani. Anayo mawili, na mkewe amemwambia la tatu likiingia yeye anatoka. Nikaona huyu ndiye. Nikamtolea picha ya Babu, nikamwomba anielekeze ni ofisi gani nyingine ya Waingereza itamtambua askari kwa namba hiyo.

Akavaa miwani. Akaniuliza, "Huyu ni nani?"

"Babu yangu."

"Na namba unayoitafuta?"

"Hiyo hapo begani kwake."

Akanitazama kwa huruma, kama daktari. "Rafiki yangu, hiyo ni boneti."

Nahashon, yule Mkenya tunayefanya naye kazi, alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha kahawa. Kahawa ilimwagika yote. "Elihuruma, bana! Kwani guka yako alikuwa na boneti? Hebu tuone, alikuwa anatumia petroli ama dizeli?" Mpaka leo nikiingia kazini ananiuliza kama Babu amebadilishwa oili.

Sasa nikueleze, maana mzee Lindquist alinieleza saa nzima huku wateja wakinisubiri. Wakati wa Vita vya Pili Waingereza walikuwa na magari mengi ajabu, na kila moja lilipewa namba yake. Mwanzo wake ni herufi, kuonyesha ni chombo gani: L ni lori, M ni motokaa, C ni pikipiki, A ni gari la wagonjwa, T ni kifaru. Kisha tarakimu. Namba hizo ziligawiwa kwa mafungu siku serikali inapotia saini ya kuagiza magari kiwandani, kabla hata chuma hakijakatwa. Oda ikifutwa, namba zake zinabaki bila gari. Na gari likishapewa yake, inakwenda nalo popote, hata likihamishwa kikosi mara kumi. Haisemi ni la kikosi gani wala nani alilipanda. Inasema tu: mimi ni lori, na nililipiwa.

Kwa hiyo, Kaka, tulipokuwa tunaandika kwamba Babu alisajiliwa chini ya L 4417263, tulikuwa tunawaambia wazungu kwamba babu yetu ni chombo cha kubeba mizigo.

Chanzo naona ni yule mpiga picha wa Same mliyempelekea akuze picha mwaka 1994. Alikata pembeni, akakata juu, lori lote likaondoka, akabaki Babu na namba begani kama mahabusu. Mzee Lindquist alilijua gari kwa yale matundu ya kutolea joto tu. Sisi tuliyaona matundu hayo tukasema ni ukuta wa kambi. Wewe uliongeza kwamba ni kambi ya Burma. Sijui ukuta ulikwambia.

Sijitoi. Barua mbili kati ya tatu zilizokwenda ile ofisi ya Ulaya inayotunza majina ya askari niliziandika mimi, na mimi ndiye ninayeshinda kutwa nzima nikinakili namba za magari. Lakini wewe ndiye uliyejibu kila jibu lao kwa barua kwa mbunge. Wao wanasema kwa adabu, "Hatuna askari mwenye namba hiyo," wewe unasema ni dharau za wakoloni. Nikikuomba tuitazame tena ile namba, unaniambia, "Wewe uko Marekani kwenye kompyuta, unashindwa nini?" Nilikuwa nashindwa kumtafuta lori kwenye orodha ya watu, Kaka. Ndicho nilichokuwa nashindwa.

Nacheka, lakini aliyeumia ni Shangazi Keziah. Kila jibu lilipokuja ulimsomea: baba yako hayumo. Tangu jibu la tatu, Siku ya Mashujaa hatoki nje, kwa sababu ya wale wanaomwita binti wa askari hewa. Ana miaka sabini na moja. Mwezi uliopita alimwambia Alice kwenye simu kwamba hataki fidia wala bendera. Anataka tu, kabla hajafa, mtu amweleze kwa maandishi baba yake alikuwa wapi ile miaka minne ya vita. Wanaoweza kumwandikia ni hao hao wa ofisi, na wao hawawezi kumpata mtu bila namba yake halisi. Sisi tumewapa ya lori mara tatu.

Kuhusu jiwe la kaburi. Umeniandikia kwamba fundi ameshachonga L na 4, na kwamba uzinduzi ni tarehe 16 Desemba na Mchungaji amekubali. Nakuomba kama mdogo wako, mwambie fundi aweke patasi chini. Hiyo L na 4 aizibe kwa saruji. Jina na miaka vinatosha. Sitaki wajukuu zetu waje kusoma kwamba hapa amelala lori la Mwingereza.

Kisha msake namba yenyewe. Tafuteni kwenye barua zake, kwenye vitabu vya kanisa, kwa wazee waliokwenda naye, kama yupo aliyebaki. Mkishindwa, tuandike jina na kijiji tu, tusubiri. Ila tusibuni tena.

Barua hii anaileta Dativa, anasafiri Jumatano. Nimempa na dawa ya kuchua ya shemeji. Asiitumie mtu mwingine kwa maumivu ya mgongo, najua tabia za nyumba yenu.

Nisalimie Shemeji Irene, Mama Mdogo Jedidah, na Cleophas akirudi chuoni. Mungu awashike mkono nyote, awape mvua kwa kiasi na subira kwa wingi, wewe zaidi.

Wako akupendaye hata ukikasirika,
Elihuruma

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Leo baada ya ibada nilimpigia Shangazi Keziah mwenyewe, nikaona si haki asikie habari za lori kutoka kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwani namba ya baba si ile iliyoko kwenye kisahani chake chekundu cha jeshi alichokuwa akivaa shingoni? Nikamwuliza kisahani kipi. Akasema kile alichokifunga yeye mwenyewe kwenye funguo zake za stoo. Akaenda kuzileta, akanisomea: jina la Babu, na namba ya tarakimu tano. Nikamwuliza mbona miaka yote hii hakusema. Akasema hatukumwuliza.