Kuku Wako Hatachinjwa, Martina

Babati, mwezi wa nane

Martina rafiki yangu,

Karani yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata hujaniuliza hali yangu. Kuku wako yuko hai, amesimama mlangoni mwa duka hapa ninapoandika, jicho moja limeharibika, na hakuna aliyemchinja ingawa waliotaka walikuwa wengi. Mume wangu alitaka. Shemeji yako Bura alitaka. Majirani walitaka nimtupe korongoni. Nimewakatalia wote. Nakueleza wewe ilivyokuwa, maana nikimweleza mtu mwingine ananicheka.

Tulipokwisha kukuzika kule Singe, Bura alikuja na watu wa upande wa marehemu mumeo kugawa vitu. Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikawatazama wakiingia na kutoka nyumbani kwako. Wakachukua kitanda, sufuria, jembe, yule mbuzi, hata chupa ya chai iliyovunjika kifuniko. Mimi si ndugu, nikanyamaza. Karani tu ndiye aliyewashinda. Walimkimbiza uani mpaka wakachoka, naye akaingia dukani kwetu akaruka juu ya rafu. Nafasi ilikuwapo, unajua mwenyewe. Huu mwaka wa nne tangu vita iishe na rafu zina majani ya chai na viberiti, basi. Bura akahema, akasema, "Mama Rehema, mwache hapo, nitakuja kumfuata siku nyingine."

Jina ulimpa wewe. Kila asubuhi alikuwa akiingia dukani, anatazama rafu moja baada ya nyingine, halafu anatoka zake. Ukasema, "Kuku yangu hii ni karani, inakagua." Nikakusahihisha, sema kuku wangu huyu, ukanijibu kwamba Kiswahili chako kinatosha kununulia chumvi, na chumvi yenyewe haipo. Tulicheka mpaka Baba Rehema akatoka nje kuangalia kuna nini. Akasema huyo kuku ndiye mteja pekee anayeingia bila kuulizia sukari.

Basi mwezi wa saba baridi ikatushukia. Ukungu wa mlima Kwaraa ulikuwa unakaa mpaka saa nne, na upepo unapita chini ya mlango. Asubuhi moja Karani hakuja kukagua. Nilimkuta nyuma ya kuni amejikunyata, manyoya yamesimama, uso umevimba, macho yameganda kwa usaha. Alikuwa anapumua kwa sauti, kama mtu aliyebanwa kifua. Nilikaa chini pale pale, Martina. Sauti ile niliijua. Ilikuwa sauti yako ya mwezi wa nne.

Hili hukulisikia, ulikuwa umeshapoteza fahamu. Tulipokufikisha zahanati waliniambia ni kichomi, na sindano hakuna. Mganga hakuwa mtu mbaya. Alinifungulia kabati nikaona mwenyewe lilivyo tupu. Nami nikasema ahsante. Ahsante, nikarudi kukaa karibu yako, kama mtu aliyeambiwa unga umekwisha aje wiki ijayo. Wewe hukuwa na wiki ijayo. Ile ahsante... mpaka leo inanikaa kooni.

Kwa hiyo Karani nilimbeba siku ile ile nikampeleka kwa bwana mifugo. Akamtazama, akasema ni mafua ya kuku, si mdondo ule unaoua banda zima, na dawa yake inajulikana ila kwa sasa hakuna. Akanishauri nimchinje mapema. Baba Rehema naye aliposikia akasema, "Mchinje kabla hajawa kibudu. Kuku hauguzwi."

Safari hii sikusema ahsante.

Nilitandika majani makavu kwenye kapu nikaliweka jikoni karibu na mafiga, mbali na kuku wa watu. Nikamfunika kanga yangu, nami ninazo mbili tu. Asubuhi, mchana na jioni nilimwosha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo tuliyojiwekea akiba. Shubiri nilikwenda kuikata kwenye uzio wako, nikaikamulia kwenye maji yake ya kunywa. Uji wa mtama nikamnywesha tone tone kwa kijiko, naye anautema juu ya mkono wangu. Ndivyo ulivyoninywesha mimi mwaka ule wa malaria, Baba Rehema yuko Arusha kutafuta bidhaa. Siku sita ulikaa kando ya kitanda changu. Nilitema kijiko cha kwanza, ukasema tu, "Tema, nitakoroga mwingine." Nilimwambia Karani hivyo hivyo.

Majirani wakaanza. Kwenye foleni ya sabuni wakawa wananiuliza mgonjwa anaendeleaje, halafu wanatazamana. Mmoja akasema, makusudi nisikie, kwamba wenye duka wana chumvi mpaka ya kuoshea kuku. Liliniuma, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini sikutoka kwenye foleni, wala nyumbani sikuacha kumwosha.

Siku ya saba Bura akaja, kamba mkononi. Nikampeleka jikoni amwone. Akainama, akambonyeza kifua, akasema, "Bado ana nyama. Nipe kisu nimchinje hapa hapa, niondoke naye."

Nikasimama kati yake na kapu. Nikamwambia, "Shemeji, mlipogawa vyombo nilinyamaza. Huyu humchukui." Akasema kuku ni mali ya ukoo. Nikamuuliza, "Na Martina alipokuwa anapumua hivi, ukoo ulikuwa wapi?"

Neno lile lilimpiga, niliona. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia. Akaniambia habari ya ugonjwa wako ilimfikia Mbulu siku moja kabla hujafa. Basi halikuwa na dizeli. Akaja kwa miguu, akalala njiani, na alipofika Babati kaburi lilikuwa limeshafukiwa. "Nilitembea, Mama Rehema," akasema. "Usidhani nilikaa tu."

Sikulijua hilo. Nilimwomba radhi, na nilimaanisha. Lakini kisu sikumpa. Akaniuliza, sasa kwa upole, inakuwaje mwaka kama huu, watoto wa watu wanakosa dawa, mimi nauguza kuku. Nikamjibu, "Kwa Martina niliambiwa hakuna, nikakubali. Mara ya pili sikubali, hata kwa kuku."

Baba Rehema alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alipita katikati yetu, akachuchumaa, akasukuma kuni ndani ya mafiga mpaka moto ukawaka vizuri upande wa kapu. Nikajua tumeshakuwa wawili. Bura alikunywa chai yetu isiyo na sukari, akaviringisha kamba yake akaitia mfukoni. Alipokuwa anatoka akasema, "Akipona, nipelekee habari."

Amepona, lakini si upesi. Siku ya tisa nilidhani anakata roho, nikampakata mchana kutwa na kazi zote zikalala. Siku ya kumi na moja jicho la kushoto likafunguka. La kulia limebaki jeupe. Asubuhi iliyofuata nikakuta kanga imechafuka vibaya na mgonjwa hayumo kapuni. Nikamkuta dukani, anatembea upande upande kama mlevi, kichwa amekigeuza ili aone rafu. Hapo ndipo nilipolia, Martina. Siku ya maziko sikutoa chozi, na watu walinisema sana kwa hilo.

Hatagi, na huenda hatataga tena. Baba Rehema anamwita mama mkwe, na anampisha njia. Habari nimempelekea Bura kwa mtu aliyekuwa anapanda Mbulu.

Buriani, rafiki yangu. Wewe ulikuwa na dini yako na mimi nina yangu, lakini salamu hizi naamini zinakufika. Nakuahidi hivi: maadamu nipo, hakuna atakayemtia Karani kisu, awe wa ukoo au wa nyumba hii. Ataishi mpaka achoke mwenyewe. Siku hiyo nitamchimbia shimo nyuma ya jiko, mchana kweupe, na anayetaka kusimama kutazama asimame, anayetaka kucheka acheke. Nikimaliza nitanawa mikono nikafungue duka.

Ni mimi rafiki yako,
Zaituni, Mama Rehema